Kabla ya kuchangia kituo cha polisi, ulizeni petroli italipwa na nani

"Pikipiki ipo, Mwalimu. Mafuta ndiyo hakuna. Weka hata ya elfu tano twende."

Ilikuwa saa nane usiku. Nimesimama kaunta ya kituo cha polisi, kilomita 11 kutoka nyumbani, kandambili miguuni, nimefuatana na jirani yangu ambaye duka lake lilikuwa likivunjwa muda huohuo. Askari wa zamu alikuwa kijana mpole. Maneno yale aliyasema akiwa ameinamia kitabu cha taarifa, hakunitazama usoni, nami nikajua haombi rushwa: tangi lilikuwa kavu kweli. Sheli zimefungwa. Tukamgongea kijana anayeuza petroli kwenye chupa za maji, tukanunua mbili, ndipo safari ikaanza. Wezi walikuwa wamekwisha kuondoka, na kwa dharau walikunywa soda mbili wakaacha chupa juu ya kaunta.

Usiku ule ndio ulionitia kwenye kamati ya ujenzi wa kituo kidogo cha polisi cha kata yetu. Kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka, nikapewa ukatibu. Mwaka wa sita huu. Kituo kipo na kinafanya kazi, ndiyo maana watu wa kata nyingine hunipigia simu wakitaka kujua tulipitia wapi. Huwa nawaambia tulipitia dirishani na mlango ulikuwa wazi.

Jambo ambalo hatukulijua, na diwani tulikuwa naye ndani ya kamati, ni kwamba polisi si idara ya halmashauri. Mwalimu wa shule ya msingi na mganga wa zahanati wako chini ya mkurugenzi. OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, hayuko. Jeshi la Polisi Tanzania ni moja kwa nchi nzima, bajeti yake inapita Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na mkuu wa kituo akitaka lita kumi za petroli, maombi yanapanda kwa OCD, yanapanda kwa RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, kisha yanasubiri mgao. Hata faini ya barabarani unayolipa kwa kontroli namba haibaki kwenye kituo kilichokukamata.

Kuna nchi ambako mambo yako vingine. Marekani, mji wa watu elfu mbili tu unaweza kuwa na polisi wake, mkuu wake na magari yake mawili, vyote vikilipwa na kodi za wakazi wa mji huohuo. Mji ukifulia, baraza lake linaweza kukivunja kikosi na kumlipa sherifu wa kaunti awalindie. Kwetu kituo hakifi namna hiyo. Bendera inapepea, askari yupo kaunta, RB, ile namba ya taarifa yako, unaandikiwa, ila hakuna anayeweza kwenda popote.

Sasa nyinyi mkienda halmashauri na barua ya "tunaomba fedha za kituo cha polisi", mweka hazina atawajibu kama alivyotujibu sisi: hilo si fungu langu, nikilipa nitaandikiwa hoja. Hoja ya mkaguzi inamnyima mweka hazina usingizi kuliko diwani mwenye hasira. Tulitoka pale tunamsengenya, kumbe mtu wa watu alikuwa anatuonyesha njia. Alichosema si fungu lake ni petroli na askari. Jengo lililoanzishwa na wananchi ni habari nyingine.

Mradi unaibuliwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji. Andikeni muhtasari, ambatisheni mahudhurio yenye sahihi. Unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kutoka hapo unaingia kwenye mpango wa halmashauri kama ukamilishaji wa boma, yaani jengo ambalo wananchi wameliinua bila kulimaliza, sawa na boma la darasa au la zahanati. Halmashauri zimekuwa zikitakiwa kutenga sehemu ya mapato yao ya ndani kwa miradi ya maendeleo, kiasi kikitegemea ukubwa wa mapato, na boma lenu linagombania humo. Kituo cha polisi hakina mwalimu mkuu wala mganga mfawidhi wa kukipigania kwenye vikao, kwa hiyo mpiganaji ni diwani, na diwani bila karatasi ni kelele tu.

Tarehe ni muhimu kuliko ufasaha wa barua. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Sisi tulipeleka barua yetu mwezi Mei, tukiwa na uhakika kwamba tumewahi. Mwezi Mei Baraza la Madiwani lilikuwa limekwisha kupitisha bajeti kitambo na wabunge wako Dodoma wanajadili za wizara. Tukakaa mwaka mzima tukimtukana diwani bure. Pelekeni Oktoba. Nakala moja impate mkuu wa wilaya, maana ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya, na ndiye mtu ambaye mkurugenzi na OCD wote wawili wanakaa mbele yake. Nakala nyingine ipelekeni ofisi ya mbunge: Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, ni mdogo lakini unafaa sana kwa bati na saruji. Bati zetu zote zilitoka huko.

Hapo nimeruka kosa letu kubwa, kwa sababu linaniuma.

Tulikubaliana elfu tano kila kaya. Watu walitoa, tena kwa moyo, kwa kuwa duka la jirani yangu halikuwa la kwanza kuvunjwa. Tukampata fundi mzuri, aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa wetu, tukamwambia tunataka jengo la vyumba vinne. Akatujengea. Likapanda, likapauliwa, likapigwa rangi, tukaandaa mpaka pilau ya makabidhiano. Siku tatu kabla, akaja mkaguzi kutoka wilayani, mtu wa makamo, kakonda, ana kalamu mbili mfukoni. Akaingia mahabusu. Akatazama juu, akaomba ufagio. Akasukuma dari kwa mpini mara moja tu. Ubao laini ukanyanyuka kama kifuniko cha sufuria na mwanga wa bati ukaonekana.

"Mwalimu," akaniambia, "mtuhumiwa wenu atapanda hapa, atatembea juu ya dari, atashukia ofisini kwa mkuu wa kituo."

Hakucheka, wala sisi hatukucheka. Mahabusu ya wanawake hatukujenga kabisa. Chumba cha kutunzia silaha hakikuwepo, na bila hicho askari hawawezi kukaa na silaha usiku, maana yake kituo kinafungwa jioni kama duka la dawa. Madirisha ya mahabusu yalikuwa ya vioo vya kuteleza, mazuri sana. Jeshi la Polisi lina ramani zake kwa kila daraja la kituo na zinatolewa ukiomba. Hatukuomba. Tulivunja kuta mbili, tukamwaga zege juu ya mahabusu, na fedha iliyopotea hapo ingetosha nyumba ya askari.

Nyumba hiyo nayo ningeijenga kabla ya kituo chenyewe. Askari wa kwanza kupangiwa kwetu alipata chumba cha kupanga mji wa pili, kilomita tisa. Ikifika saa kumi na mbili anaangalia saa, nami simlaumu. Ana mke na mtoto mchanga, na basi la mwisho halimsubiri mtu. Vyumba viwili vya block na choo vingetuletea ulinzi wa usiku mapema kuliko ile kaunta yenye vigae tuliyoipigia picha. Kabla hamjamwaga msingi, mwombeni OCD barua: akipewa jengo la namna fulani ataleta askari wangapi. Akikataa kuandika, mmepata jibu lenu, na saruji yenu bado iko stoo.

Na petroli je?

Mwaka wa kwanza kituo kilipofunguliwa, mfanyabiashara mmoja wa mazao alijitolea kujaza pikipiki kila Jumatatu. Tulimshangilia mkutanoni, mimi nikiwa wa kwanza kupiga makofi. Baada ya miezi minne, kijana aliyekuwa anadaiwa naye laki moja na nusu akalala mahabusu siku mbili. Deni ni kesi ya madai, lilistahili kwenda mahakama ya mwanzo. Mama yake kijana alikuja kwangu asubuhi na bakuli la uji alilokatazwa kuliingiza, akaniuliza, "Mwalimu, si mlituambia ni kituo chetu?" Sijui amri ilitoka wapi. Ninachojua ni nani alikuwa anajaza tangi.

Tangu hapo hakuna mtu binafsi anayempa askari fedha wala mafuta mkononi. Mwenye kuchangia anachangia kwa risiti ofisi ya kata, kwenye akaunti, na jina lake linabandikwa ubaoni pamoja na la bibi aliyetoa elfu moja. Sheli moja barabarani inapokea kuponi zenye sahihi mbili, ya mtendaji wa kata na ya mkuu wa kituo. Kuna daftari la pikipiki: lita ngapi, imekwenda wapi, kilomita zilisoma ngapi wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Mkuu wa kituo wa kwanza aliliona daftari hili kama dharau. Wa pili alilipenda, kwa sababu alipoomba mgao wa mafuta wilayani alikwenda nalo, akaonyesha matukio aliyoyafikia na yale aliyoyakosa kwa tangi kavu. Alirudi na lita 40 kwa mwezi. Hazitoshi, ila zinatoka upande ambao hauna mdaiwa.

Halmashauri nayo mwaka huu imetuwekea kiasi kidogo chini ya ulinzi na usalama wa kata. Imetoka nusu. Nusu nyingine naambiwa inategemea makusanyo, na mazao yakiwa mabaya ushuru unakuwa mbaya, kwa hiyo sasa naulizia mvua kama mkulima ingawa shamba langu ni la migomba sita.

La mwisho ni dogo, na mtalisahau kama tulivyolisahau. Hakikisheni hati ya kiwanja, makabidhiano ya jengo na mita ya umeme vyote viko kwa jina la mwenye kituo. Sisi tulipokuwa tunavuta umeme, jengo lilikuwa bado la kamati na kamati haina namba ya kitambulisho, basi tukatumia ya katibu. Mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ya kituo cha polisi mpaka leo ni ya kwangu. Tena tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, kwa hiyo kila mwezi kituo cha serikali kinailipia serikali kodi ya jengo kwa jina la mwalimu mstaafu.

Fomu ya kubadilisha jina nilijaza mwezi Machi. Jana usiku, saa tatu hivi, simu ikaita. Alikuwa askari wa zamu.

"Shikamoo Mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Mita imeanza kupiga kelele."