Taa ya sebuleni haitoshi

Je, kuwasha taa zote za sebuleni asubuhi kunatosha kuipa saa ya mwili (mfumo unaopanga muda wa kulala na kuamka) mwanga inaouhitaji? Hapana, hakutoshi. Ndani ya nyumba unapata luksi (kipimo cha mwanga) 100 hadi 300 hivi. Nje, hata mawingu yakitanda, ni maelfu. Saa ya mwili ikikosa mwanga huo, usingizi huchelewa kuja na moyo huwa mzito. Toka nje ndani ya saa moja baada ya kuamka, dakika 20 hadi 30, bila miwani ya giza (jua lenyewe usilikodolee macho). Dirishani? Afadhali kuliko hakuna, ila ukisogea mita mbili tu ndani, mwanga umeshapungua sana. Jioni zima taa za darini saa mbili kabla ya kulala, maana mwanga mkali huchelewesha melatonini, homoni ya usingizi. Mwenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) amuone daktari kabla ya kutumia taa za tiba za luksi 10,000, zile zinazowashwa badala ya mwanga wa nje.