Kinahuatl na Kiswahili: undugu hakuna, ila kitenzi kinafanana

Ndugu, umeuliza kama Kinahuatl cha Meksiko ni jamaa ya Kiswahili kwa kuwa vyote vina "ni-" ya mimi. Hapana. Kinahuatl ni cha familia ya Uto-Azteki, jamaa zake ni kina Kihopi cha Arizona. Hiyo "ni-" imegongana tu.

Ila naelewa kilichokuvuta, maana kitenzi kinajengwa karibu sawa. Chukua Kinahuatl cha kale: nimitzitta, "nakuona". Ni- ni mimi, mitz- ni wewe unayeonwa, itta ndiyo mzizi. Ukitaka "nitakuona" unasema nimitzittaz. Sisi wakati tunaupachika katikati, wao wanaupeleka mkiani, hiyo -z. Hata kauli ya kutendea wanayo: chihua ni fanya, chihuilia ni fanyia.

Kinachonifurahisha zaidi ni pale wanapotuacha. Wao humeza nomino ndani ya kitenzi: ninacacua, "nala nyama", neno moja, ile nacatl (nyama) imevuliwa -tl yake na kuingizwa katikati. Na usipotaja chakula, lazima uweke tla-, yaani "kitu": nitlacua. Kusema "nala" tupu ukaishia hapo, hairuhusiwi.

Ngeli kama zetu hawana. Wingi wa kale ulijali zaidi vyenye uhai, basi.

Undugu wa kweli uutafute kwa Wazulu: ngiyakubona. Ku- ile ile, na bona ndiyo ona yetu.