Slipa inayomvuka mguuni

Daktari, mume wangu alikaa ICU kwa Korona mwaka 2021. Mpaka leo akipanda matatu, slipa ya kushoto humvuka. Kuna kipimo cha damu cha neva?
Mama Wawili, Umoja

Mama, kipo. Ndani ya nyuzi za neva mna protini iitwayo nyurofilamenti nyepesi. Uzi ukiumia huvuja, na chembe zake huingia kwenye damu. Hupimwa kwa pikogramu, yaani sehemu ya trilioni ya gramu! Kwa mahututi wa Korona ilipanda. Lakini haisemi kilichoumia ni ubongo au mguu, na uzee au figo mbovu pia huipandisha. Mimi ningeanza na kipimo cha umeme cha neva za mguu. Slipa ziacheni, mnunulie viatu vya kamba.