Kitufe kipo, lakini hakibofyeki

Dada, umesema jaribio lako linakwama kwenye kitufe cha "Lipa" na kutoa kosa la ElementClickInterceptedException. Kosa hilo halimaanishi kwamba Selenium, programu inayoendesha kivinjari kiotomatiki, haikukiona kitufe hicho. Imekiona vizuri, ila wakati wa kubofya kitu kingine kilikuwa kimekifunika. Soma ujumbe wa kosa hadi mwisho, mara nyingi hutaja elementi (sehemu ya ukurasa) ambayo ingepokea mbofyo huo. Kwenye ukurasa wa kukata tiketi za basi Kisumu–Nakuru kama huo wako, nashuku lile pazia la "Tafadhali subiri" linalofunika ukurasa, au bango la kuomba ruhusa ya kuki.

Hiyo time.sleep(5) uliyoweka ili jaribio lisubiri ni kubahatisha tu. Mtandao ukilegea, sekunde 5 hazitoshi. Ukiwa mzuri, unazipoteza bure. Tumia WebDriverWait (husubiri hadi sharti litimie) na invisibility_of_element_located (sharti kwamba elementi imetoweka) kwa lile pazia, ndipo ubofye. Usitegemee sharti la element_to_be_clickable peke yake: hilo huangalia kama kitufe kinaonekana na hakijazimwa, haiangalii kama kimefunikwa. Hapo ndipo wengi hunaswa.

Wanaokushauri ubofye kwa execute_script, yaani kwa amri ya JavaScript ndani ya ukurasa, waache kwanza. Mbofyo huo hupita hata pale ambapo mtu asingeweza kubofya, kwa hiyo jaribio litafaulu huku abiria wa Kondele amekwama na simu yake mkononi.

Na hiyo XPath (njia ya kufikia elementi) ndefu inayoanzia /html/body, itupe. Mwombe msanidi aweke alama ya majaribio data-testid="lipa" kwenye kitufe, kisha ukitafute kwa kiteuzi cha CSS: [data-testid="lipa"]. Kama fomu ya malipo imo ndani ya iframe (ukurasa uliowekwa ndani ya ukurasa), anza na switch_to.frame ili uingie humo.