Panchang inayopinda ukitoa pini

Umeuliza kwa nini fundo lako la panchang, lile fundo la mapambo la Kichina, linakaa sawa kwenye ubao halafu linapinda ukishatoa pini. Hapo mara nyingi kosa liko kwenye kukaza, si kusuka. Wengi hukimbilia kuvuta zile ncha mbili za chini: kona ya chini inabana, juu bado kumelegea, fundo linakaa mshazari.

Ukitoa pini, usiguse ncha. Shika masikio yote, yaani vile vitanzi vya pembeni, vuta kidogo kidogo kwenda nje pande zote mpaka kiini, ile sehemu ya kati iliyosukwa, kiwe mraba uliobana. Masikio yatarefuka kama ya sungura, yaache. Sasa anzia kitanzi cha juu, ambacho ndicho katikati ya kamba. Ifuate kamba sikio kwa sikio ukihamisha ulegevu kwenda mbele, mpaka utokee kwenye ncha. Kisha upande wa pili. Ukiruka sikio moja, itabidi urudi nyuma.

Kamba iwe ya nailoni iliyosukwa, milimita 2, yenye ugumu kidogo. Mita 2 zinatosha fundo dogo. Ile ya satini laini inateleza, achana nayo kwa sasa. Mwisho piga mishono miwili ya uzi wa rangi ileile nyuma ya kona.

Na ukitaka kuwatumia wenzako muundo wako, piga picha kabla ya kukaza, pini zikiwa na namba. Kwenye mchoro, kamba zinapopishana, kata mstari wa ile inayopita chini. Picha ya fundo lililokwisha kukazwa haisomeki.