Koli inapita mbele ya mlango wa mtu, inarudi kesho: kwa wadogo wanaoanza kazi hii L'shi

Wadogo mnaoanza kazi ya koli, vifurushi vya watu, hapa Lubumbashi, iwe kwenye agensi ya mabasi, iwe kwa transitere anayepitisha mizigo mpakani, iwe kwenye depo ya wale wanaoleta mizigo toka Guangzhou na Dubai, naandika hii kwa ajili yenu. Naona mtu anaingia kazini Jumatatu, anapewa telefone na kompyuta, anaambiwa "jibu wateja", na hakuna anayekaa naye amfasirie kwa nini koli zinatembea vile zinatembea. Kisha mama mmoja anafika na risiti mkononi, amekasirika, koli yake ilitoka Kolwezi, yeye anakaa Likasi, sasa telefone inamuonyesha koli iko Lubumbashi, "Munaipitisha juu ya nini? Banaiiba?" na yule kijana anabaki kumuangalia tu, ao anaanza kutunga uongo. Tafadhali msimdanganye mteja. Ile njia iko na sababu yake, na ukiijua unaweza kumwambia mama kwa sauti ya kawaida na ataelewa.

Sababu yenyewe ni hii, na mengine yote yanatoka humo: koli haifuati njia fupi, inafuata gari ambayo tayari iko na safari, na karatasi ambayo tayari iko na muhuri. Ramani ya telefone inahesabu kilometa. Sisi tunauliza gari gani inatoka leo, imebeba nini, na itarudi na nini.

Tuchukue huyo mama wa Likasi. Kolwezi mpaka hapa ni karibu kilometa 300, na Likasi iko njiani, kilometa 120 hivi toka hapa. Kwa hiyo koli yake ilikuwa na kilometa 180 tu za kutembea, lakini ilipita Likasi usiku ndani ya kamyo, ikashuka L'shi, ikachambuliwa, ikapanda gari ya Likasi asubuhi, jumla kilometa 420. Kwenye ramani inaonekana ni wazimu. Sasa fungua kamyo uangalie ndani. Imepakiwa Kolwezi jioni, koli zimechanganyika, za Kipushi, za Kasumbalesa, za Lubumbashi yenyewe, za kupanda ndege ya Kinshasa, na ile ya mama iko mbele kabisa upande wa kabini, juu yake magunia, na mlango umefungwa na sili (lakiri) ambayo nimero yake imeandikwa kwenye bordero, ile karatasi ya orodha ya mzigo. Shofere akitaka kuishusha Likasi inafaa akate sili, atoe nusu ya mzigo pembeni ya barabara kwenye giza, arudishe, aweke sili ingine, na akifika hapa depo wanahesabu koli zote moja moja kwa sababu nimero ya sili haifanani na ya kwenye karatasi, wakati gari ya Kasumbalesa inayotoka alfajiri haimngojei mtu. Hapo watu wengi wanacheleweshwa siku nzima ili mmoja awahi. Njo maana kamyo inapita.

Iko dawa yake lakini, na mwenye kuiweka ni mtu wa Kolwezi, haiko shofere. Kama koli za Likasi zimekuwa nyingi jioni ile, anazikusanya kwenye sako (mfuko mkubwa) lao, na bordero lao peke yake, anazipakia za mwisho kabisa mlangoni, kwa sababu mzigo ulioingia wa mwisho njo unatoka wa kwanza. Hapo kusimama Likasi ni dakika chache. Kwa hiyo mkiona koli moja imeshuka Likasi moja kwa moja na ya wiki ijayo imezunguka, msidhani shofere ana upendeleo, siku ile sako lilikuwepo, siku hii halikuwepo. Mkifanya urafiki na yule anayepakia kule mtapunguza malalamiko kuliko kumpigia shofere kelele.

Na kwa nini kila kitu kipite L'shi? Andika kwenye karatasi miji 10: Lubumbashi, Kipushi, Kasumbalesa, Sakania, Likasi, Kambove, Fungurume, Kolwezi, Kasenga, Pweto. Ukitaka kila mji uwe na gari yake kwenda kila mji mwingine, unapata njia 45. Nani atajaza gari ya Kasenga-Fungurume kila siku? Ukileta zote pahali pamoja, hapa, unabaki na njia 9 tu na kila gari inatembea imejaa. Hata wakubwa wa dunia wanafanya hivyo, FedEx walipoanza mwaka 1973 pale Memphis, Marekani, usiku wa kwanza walikuwa na koli 186 za miji 25 na ndege 14, zote zinakuja Memphis usiku, zinachambuliwa, zinatawanyika, hata kama mtumaji na mpokeaji wanakaa majirani. Na makampuni ya kule yanayotumia barabara yanachambua koli kwenye vituo vikubwa kwa hesabu hiyohiyo, njo maana mtu wa kule naye analia kwamba koli yake imetoka kwenye jimbo lake, imeenda jimbo la jirani, kisha imerudi.

Sasa mizigo ya mbali, hapo njo wateja wanachanganyikiwa zaidi. Mtu anaagiza bidhaa China, anajua inashuka Dar es Salaam, kisha anaambiwa iko Durban, anaona kama tumeipeleka mwisho wa dunia. Lubumbashi haina bahari, lakini bandari zinazotulisha ni nyingi, Dar, Durban, Beira, Walvis Bay, na Lobito kule Angola. Inayochagua bandari mara nyingi ni shaba. Kamyo zinashusha shaba toka Kolwezi na Likasi mpaka baharini, na hakuna mwenye kamyo anapenda kurudi tupu, kwa hiyo pale zilipoteremsha shaba njo pale zinapotafuta mzigo wa kupandisha, na bei ya kupanda inashuka pale kamyo ziko nyingi. Transitere anayejua kazi anauliza hilo mbele ya kuangalia ramani.

Toka Dar njia ya kamyo inajulikana: Tunduma, unavuka Nakonde, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola, Chingola, Kasumbalesa. Toka Durban ziko mbili kubwa, moja inapita Beitbridge, Zimbabwe nzima mpaka Chirundu, ingine inapita Botswana na kuvuka Zambezi pale Kazungula, ambapo zamani ilikuwa kivuko na foleni yake, mpaka mwaka 2021 daraja la mita 923 likafunguliwa. Kamyo mbili zinaweza kutoka Durban siku moja, na mizigo ya mtu mmoja, moja ipite huku, moja kule. Wala msishangae. Na mkiona jina Sakania kwenye safari ya mzigo badala ya Kasumbalesa, ulizeni kama ulipanda treni, kwa sababu reli toka Ndola inaingia Congo kwa Sakania, tangu treni ya kwanza ilipofika mji huu mwaka 1910. Ile ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilometa 1,860 toka Dar, inaishia Kapiri Mposhi, kwa hiyo mzigo "uliolala Kapiri" mara nyingi unangojea tu vagoni ingine ao kamyo.

Na msidhani ni sisi tu tunaozunguka. Mutu wa Kitwe akitaka kwenda Mansa, miji yote miwili ya Zambia, njia fupi inapita ndani ya Congo yetu! Anaingia Mokambo, anatembea kilometa kama 70 kwenye udongo wa Congo, anatokea Chembe kwenye daraja lililofunguliwa mwaka 2008. Asipotaka kuvuka mipaka miwili anazunguka chini kote kwa Kapiri na Serenje. Sasa kamyo yenye karatasi za Zambia peke yake itachukua ipi? Ile ndefu, juu karatasi yake haiko na muhuri wa ile fupi. Ukielewa huyo umeelewa na koli ya L'shi kwenda Goma. Nchi moja, lakini barabara ya lami ya moja kwa moja haiko, basi isipopanda ndege inaweza kutoka Kasumbalesa, ipite Zambia, Tanzania, Rusumo, Rwanda, ndipo iingie Congo tena, na hapo inafaa karatasi zionyeshe tangu mwanzo kwamba mzigo umetoka Congo unarudi Congo, la sivyo dwane (forodha) ya upande wa pili itauhesabu kama mzigo wa kigeni.

Nije kwenye kompyuta, juu hapa njo mtashinda siku nzima. Yale maneno "imefika Ndola" hayamaanishi mtu ameigusa koli. Koli inafungwa kwenye sako, sako kwenye paleti, paleti kwenye kontena, na kinachoskaniwa njiani ni kontena. Koli ni kama mtoto mgongoni, mama akihesabiwa Ndola na mtoto amehesabiwa Ndola. Kama mtoto alibaki Dar kwa bahati mbaya, kompyuta itaendelea kusema Ndola, Chingola, Kasumbalesa, mpaka siku kontena linafunguliwa na haonekani. Kwa hiyo mteja akiuliza, tafuta mara ya mwisho koli yenyewe, etiketi yake, iliskaniwa na mkono wa mtu, wapi na lini. Hiyo njo habari ya kweli. Ukianza kuitafuta, anza pale, usianze pale kompyuta inasema.

Saa pia zinachanganya. Tanzania iko mbele yetu saa moja, na Zambia iko sawa na sisi. Tunduma na Nakonde zinagusana, kwa hiyo mzigo unaweza kutoka Tunduma saa 4:10 asubuhi na kuingia Nakonde saa 3:30 asubuhi ileile, na mteja anakuonyesha skrini anasema hii ni uongo, inawezaje kufika mbele haijatoka. Mwambie ongeza saa moja pale Nakonde. Kinshasa nayo iko nyuma yetu saa moja, kwa hiyo uangalie na barua zinazotoka huko.

Adrese. Hapa nawaomba sana sana muangalie kwa macho mawili. Hapa mjini tuko na komine, sehemu ya mji, inaitwa Kenya. Mtu anaagiza kitu Ulaya, anaandika jina, avenyu, kisha mstari wa mwisho KENYA, ao LUBUMBASHI KENYA, na yule anayechambua kule hajui komine zetu, anajua nchi, koli inaenda Nairobi na inakaa huko mpaka mtu mwenye huruma aisome vizuri. Mteja wa komine Kenya mfundisheni aandike "C/Kenya" juu kabisa pamoja na avenyu, na mstari wa mwisho ubaki wa nchi peke yake, RD CONGO. Congo peke yake haitoshi, ziko mbili, na kwenye mashine sisi ni CD, wa Brazzaville ni CG. Nimero za posta za herufi 13, zile zinazoanza na herufi mbili, nimero 9, kisha herufi mbili, zile mbili za mwisho zinasema koli imetoka nchi gani, CN ni China, TZ Tanzania, hazisemi inaenda wapi, wengi wanazisoma kinyume. Na mtu akitumia karatoni ya zamani ondoa etiketi zote za zamani, usizifunike na skochi inayoonyesha kilicho chini yake, mashine inasoma ile inayoiona kwanza na koli inarudi kule ilikotoka mwaka jana.

Tena, mteja aliagiza telefone na pawabanki siku moja, duka moja. Telefone imefika na ndege kwenye kiwanja chetu cha Luano, pawabanki haionekani hata baada ya wiki kadhaa. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria, na pawabanki inahesabiwa betri. Kwa hiyo nyingi zinapanda meli, zinangojea kontena lijae, zinashuka bandarini, zinapanda kamyo. Mwambie siku analipa, asingojee kuambiwa siku analalamika.

Na mkiwa kwenye dirisha, mtu akileta koli ya Likasi toka upande wa Kolwezi, ya Pweto, ya Goma, mchukulieni kalamu mumuandikie nyuma ya risiti pahali itapita kwa mpangilio wake, na lile neno atakaloliona kwenye telefone, na siku ambayo asipoona kitu inafaa arudi kwenu. Inachukua dakika mbili. Muandike na nimero ya bordero, haiko ya koli tu, juu siku akirudi na nyie hamko kazini, yule atakayekuwa kwenye kiti ataanza na ile.