Muulize Mwalimu: Ile 4 haina kipeo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tatu hapa Songea. Kanuni za vipeo, zile namba ndogo za juu, nimezikariri zote, hata ukiniamsha usiku nakutajia. Lakini kuna swali limenishinda mara mbili kwenye majaribio: tafuta x ikiwa 9ˣ − 4·3ˣ⁺¹ + 27 = 0. Karatasi yangu nimeiambatanisha. Mwalimu wetu alipiga mstari mwekundu akaandika “rudia”, basi. Jingine ni 8/27 kwa kipeo cha −2/3. Kila nikilifanya, jibu linakuja na alama ya kutoa, na marafiki zangu wanasema si hivyo. Nakosea wapi?
Mwanafunzi, Songea

JIBU: Marahaba, mwanangu. Karatasi yako nimeisoma mstari kwa mstari. Umefuta na kuandika tena pale chini mpaka karatasi imetoboka, kumbe kosa lenyewe liko juu, mstari wa pili. Umeandika 9ˣ − 12ˣ⁺¹ + 27 = 0. Hapo ulizidisha 4 kwa 3 ukapata 12, kipeo ukakiacha juu yake. Ndiyo maana huko chini ulihangaika bure.

Kile kipeo ni cha 3 peke yake. Ile 4 haina kipeo, imekuja tu kuzidisha. Usiniamini kwa maneno, jaribu kwa namba. Weka x = 1. Upande wangu ni 4 mara 3 kwa kipeo cha pili, yaani 4 × 9 = 36. Upande wako ni 12 kwa kipeo cha pili, yaani 144. Fanya jaribio hili kila unapokuwa na shaka na hatua yako. Ni nusu dakika tu, na linaokoa swali zima.

Sasa tuanze upya. Kabla hujagusa chochote, angalia namba za chini: 9 na 3. Hizi ni ndugu, maana 9 ni 3². Kwa hiyo 9ˣ ni sawa na (3ˣ)². Halafu 3ˣ⁺¹ ifungue: ni 3ˣ × 3. Hapo ndipo 4 na 3 zinapokutana kihalali, tunapata 12 × 3ˣ. Mlinganyo wako umekuwa (3ˣ)² − 12·3ˣ + 27 = 0. Iite 3ˣ kwa jina la y: y² − 12y + 27 = 0. Huu unaujua tangu kidato cha pili. Namba mbili ambazo ukizizidisha unapata 27 na ukizijumlisha unapata 12 ni 3 na 9. Basi y ni 3 au 9. Usiishie hapo, wengi huishia hapo na kupoteza maksi! Umeulizwa x. Ikiwa 3ˣ = 3, x ni 1; ikiwa 3ˣ = 9, x ni 2.

Nimefundisha hisabati Iringa miaka 26, na kosa lako nimeliona kwa watoto hodari kabisa. Wanakariri kanuni, wanasahau kwamba kipeo ni hesabu ya mara ngapi namba imejizidisha. Kijana mmoja alikwama ubaoni kwenye 3⁵ × 3⁴, akaandika 9⁹. Nikamwambia aandike kila 3, moja moja. Akaandika tano, akaongeza nne, chaki ikamwishia vidoleni. Akarudi nyuma akizihesabu kwa kidole: tisa. “Kumbe ni zile zile 3!” Tangu siku hiyo hakurudia kosa lile. Hata Descartes, Mfaransa aliyetuzoesha kuandika kipeo juu ya herufi katika kitabu chake cha mwaka 1637, mara nyingi aliandika aa badala ya a². Kwa hiyo usione haya kuandika kwa kirefu pembeni ya karatasi.

Swali lako la pili ni fupi. Alama ya kutoa kwenye kipeo haifanyi jibu liwe chini ya sifuri. Shuka ngazi hii: 27, 9, 3, 1, 1/3, 1/9. Kila hatua kipeo cha 3 kinapungua kwa moja, nasi tunagawanya kwa 3. Tumevuka sifuri ya kipeo pale kwenye 1, na hakuna kilichokuwa hasi, tumeingia kwenye sehemu tu. Kwa hiyo alama ile inakwambia pindua: 8/27 inakuwa 27/8. Ile 3 ya chini ya kipeo inataka kipeuo cha tatu, yaani namba ambayo ukiiandika mara tatu na kuzidisha unapata 27/8: ni 3/2. Ile 2 ya juu inataka kipeo cha pili: 9/4. Toa kipeuo kwanza, ndipo upandishe, namba zibaki ndogo.

Umeniuliza unakosea wapi, na sitaki uondoke ukidhani huna kichwa cha hesabu. Kwenye karatasi yako, swali la 2ˣ⁺³ − 2ˣ = 56 ulilitoa vizuri sana: ukachomoa 2ˣ nje, ndani ikabaki 8 − 1, ukapata 2ˣ = 8 na x = 3. Kumbe kufungua kipeo unakujua.

Sasa fanya hili bila kuangalia daftari: 4ˣ − 3·2ˣ − 4 = 0. Utapata y mbili, na moja lazima uitupe. Niandikie ni ipi, na kwa nini.